Palizi Kando ya Kijito

Jumapili, 3 Agosti
Nimempeleka mama mkwe kwenye kile kijimsitu cha hifadhi, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Tangu afiwe na mumewe tukamleta kwetu, kazi yake kukaa dirishani tu na kuitikia "sawa, mwanangu". Leo kachangamka! Chini ya miti kuna kijito, chembamba, cha kurukwa. Akachuchumaa ukingoni akaanza kung'oa majani. Nikamwacha — mkulima ni mkulima. Kapalilia ukingo mzima huku akiniuliza mume wangu uvivu kautoa wapi. Mwanawe mwenyewe! Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa. Mlinzi wa hifadhi kapiga simu, namba yangu niliiacha getini. Yale majani yamepandwa! Yanashika udongo usichukuliwe na mvua. Mama kauliza mara mbili: watu wanapanda nyasi? Kisha kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Chakula hakugusa. Anasema mji umemshinda, bora arudi kwake kabla hajatutia aibu nyingine. Kwake wapi? Nyumba imefungwa, hana hata wa kumchotea maji. Kampigia shemeji, mdogo wa mume wangu, aje kumchukua Jumapili.

Alhamisi, 7 Agosti
Kafunga mizigo. Mume wangu anasema tusimlazimishe, mtu mzima anajua anachotaka. Hajui! Leo nimeshona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu, akili haipo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Huyu ndiye aliyenifundisha hata kumbeba mtoto mgongoni. Nampenda, sitaki aende. Basi.

Jumapili, 10 Agosti
Asubuhi kaomba tupitie hifadhini amtake radhi mlinzi, ndipo asafiri. Mlinzi hakugomba. Alisema tu miche mingine ipo, wa kuipanda ndio hana. Mama akavua viatu.

Naandika nimekaa kwenye gogo. Yeye yuko kwenye tope hadi magotini, anamkosoa mlinzi kwamba anabananisha miche. Baba wa watu anaitikia "ndiyo, mama" kama mtoto wa shule.

Shemeji kapiga simu. Yuko getini na mizigo ya mama garini, injini inaunguruma, tuharakishe, njia ni ndefu.

Nimemwambia mama. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie azime gari," kasema. "Na wewe vua viatu."

Nimevua kimoja.