Nyumba ya Katikati ya Njia

Mdogo wangu Tumaini,

Baridi ya huku haina adabu. Shemeji yako na rafiki yake walitaka kuvua samaki mtoni, upande wa Njombe. Mimi na mke wa rafiki yake tulitaka maduka ya Makambako. Basi shemeji yako, asimuudhi mtu, akatukodia nyumba katikati ya njia.

“Kamwene,” mama mwenye nyumba akatusalimu. “Mto uko mbali, wanangu. Maduka nayo mbali.”

Tangu jana tunamenya viazi jikoni, ndoano za waume zetu, zenye manyoya ya kuhadaa samaki, zikining'inia ukutani. Shemeji yako anasema angalau hakuna aliyependelewa.

Mbusu mama. Shemeji yako amejitolea kukutafutia chumba cha fungate. Kataa.

Dada yako,
Eliza