Ulisema Nini Mwisho wa Wimbo?

Mugisho, ndugu yangu,

Diski yetu kubwa ya kwanza imetoka, trente-trois tours kamili, santuri ya nyimbo nyingi. Kwenye jalada wewe ni Mugisho tu. Jina la ubatizo Zaïre imelikataza. Homa ilikuchukua kabla hujaishika mkononi, na mimi mpiga ngoma wako, badala ya kufurahi, sina hata hamu ya kula.

Hofu yangu ilikuwa maman yako. Kilio hakijaisha, redio ya pale nyumbani bado imefungwa kitenge, na sisi tumetoa wimbo ambao mwishoni unaliacha gita lako la besi lizunguke peke yake, kisha wewe unapaza sauti: "Maman, unibakishie sombe, niko nakuya!" Kule studio Nairobi tulicheka sana. Nani alijua? Sasa vijana wa mtaa wa Kadutu wanapanda mlima wakiiga besi yako kwa midomo, na sombe yako, kile kisamvu cha maman, wanaipigia kelele vilevile. Nilitamani kuwaziba midomo. Utamziba nani, Mugisho? Mji mzima umeshikwa na funk yetu.

Jumapili, baada ya misa, nikajikaza nikaenda kumwambia maman yako kabla hajausikia njiani. Hakuniacha nimalize. "Mi nilishaka kuisikia kitambo," akasema. Kumbe kila siku ya soko anakwenda Nyawera, anasimama mbele ya muuza diski na kikapu kitupu, mpaka wimbo upigwe.

Kisha akaniuliza kwa uchungu: "Juu ya nini munamukatiaka mutoto wangu sauti? Iko ananiita, halafu munamupunguza, munamupunguza, anapotea."

Nikamweleza kwamba ndiyo kazi ya studio: fundi anashusha sauti polepole ili wimbo uishe vizuri, ila sisi tunaendelea kupiga. Laiti ningenyamaza! Akanishika mkono. "Kumbe aliendelea? Alisema nini?"

Sikumbuki, Mugisho. Napiga ngoma ileile kila siku nikitumaini neno litarudi, nasikia kicheko chako tu. Wenzetu nimewauliza, kila mmoja ana lake. Naogopa hata hicho kicheko kitanitoka. Ningeweza kutunga maneno matamu, akafurahi, nami nikapata usingizi.

Lakini sitakusemea uongo kwa mama yako, nakuahidi. Jumapili ijayo narudi kwake. Nitamwambia lile moja ninalolijua: sauti yako ilipopotea, ulikuwa unacheka.

Pumzika, ndugu yangu.

Cirhuza