Phonie Imekufa, Saa Sita Iko Hai

Mama Nyota,

Leo huwezi kunikata maneno, kwa hiyo nitasema mpaka nimalize. Ulizoea kuniona nikiingia kwako na ugomvi mkononi. Safari hii nimekuja na furaha, na sijui hata niishike namna gani, maana sina mazoezi.

Lori la Misisi limerudi. Limeingia Baraka jana alasiri na bamama wote wauza samaki juu ya magunia, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakiimba. Hakuna aliyekosekana. Nimewahesabu mwenyewe kama mwalimu anayehesabu wanafunzi, wakanicheka. Na aliyewarudisha ni wewe, Mama, ingawa tulikuwa tumekwisha kukuzika.

Najua utasema nianze mwanzo.

Mwanzo ni phonie. Wengine wanaokuja sasa hawaijui ile redio yako ya kuzungumzia, iliyokaa mezani kando ya betri la gari, na waya wake mrefu uliofungwa kwenye miti miwili nje ya nyumba. Mtu alikuja, akakaa kwenye benchi, akangoja zamu yake ya kuongea na ndugu aliye Lulimba au Misisi. Hapakuwa na siri. Mwanamume akimwuliza mke wake kwa nini mtoto amepewa jina la shangazi, benchi zima lilijibu kabla ya mke. Mtu akimaliza kusema alitamka "à vous", ili mwenzake aliye mbali achukue zamu. Asiposema, ulimpiga kofi dogo la bega: "Sema à vous, we! Atajua namna gani kama umemaliza?"

Na kila siku saa sita ya mchana uliwanyamazisha wote. Ilikuwa zamu ya barabara. Swima, Lulimba, Misisi, kila mwenye phonie alisema barabara ya kwake imelalaje: iko wazi, iko na watu wenye bunduki, daraja limeanguka. Hakuna aliyelipa. Malori yalingoja saa sita yenu kama watu wanavyongoja kengele ya kanisa. Nimesoma vitabu vingi juu ya nchi hii na vita vyake, vingi vimeandikwa na watu waliolala kwenye hoteli. Sijaona hata kimoja kinachosema mwanamke mmoja wa Baraka, na betri la gari, alizuia watu wangapi wasife.

Kisha ukaiuza phonie, ukanunua telefone.

Lo, niliwaka! Waliosimamisha ule mnara wa chuma wa telefone kwenye kilima hawakumwuliza mtu yeyote wa hapa, na hilo nalirudia leo, sitalifuta. Nikaandika karatasi kubwa kwa kalamu nene, nikaibandika kwenye ukuta wa soko. Nilisema telefone itamfundisha kila mtu kunong'ona sikioni mwake peke yake. Nilisema habari ya barabara itakuwa ya mwenye kifaa, na asiye nacho atapanda gari akiwa kipofu. Nilisema aliyeiuza phonie ameiuza saa sita. Sikuandika jina lako, lakini ni nani mwingine aliyekuwa na phonie? Nikaapa humohumo, mbele ya watu, kwamba mkono wangu hautagusa kile kitu kamwe.

Ukaja sokoni na miwani yako. Ukasimama mbele ya karatasi, ukaisoma kwa sauti kubwa tangu juu mpaka chini, kwa heshima zote, kama padri anayesoma barua ya askofu. Watu wakajaa. Ulipomaliza ukageuka: "Mwalimu Etungano anaandikaka muzuri sana. Anaandikaka mingi, anaulizaka kidogo. Kwangu kuko benchi, akuye."

Sikuja. Miezi mingi sikukanyaga kwako. Nikipita nazunguka njia ya nyuma, mimi, mtu mzima mwenye mvi. Nikawa naomboleza saa sita iliyokufa, katika karatasi moja baada ya nyingine, wala sikwenda kutazama kama kweli imekufa.

Sasa sikia kilichonipata.

Siku ya tatu ya kilio chako nilikuwa nimekaa kwenye benchi lako. Tulikuwa tumekwisha kukuzika. Nje, lori lilikuwa limepakiwa, linaelekea Misisi. Bamama wa samaki walikuwa juu tayari na vikapu vya ndagala, lakini hawakuondoka. Dereva amezima injini. Wote walikuwa wanautazama mlango wako. Nikamwuliza mmoja wanangoja nini. "Tunangoya saa sita," akasema, kana kwamba mimi nimetoka mwezini. "Papa, ulikuwa wapi? Mama alikuwa anasimamaka hapa kila siku na telefone, Lulimba inasema, ye anarudilia kwa nguvu, siye tunasikia."

Kila siku! Hatua mia mbili kutoka kwenye ukuta wangu!

Binti yako Mauwa alinieleza baadaye yaliyobaki. Kwamba phonie mbili za kwanza ulinyang'anywa, kwa sababu kila kundi la wenye bunduki lililoingia mjini liliuona ule waya mrefu na kuanzia kwako. Kwamba ya tatu uliiuza kabla hawajaichukua. Kwamba telefone uliifunga kwenye ncha ya kitenge, na walipokuja kupekua waliona mama anayechambua majani ya sombe. Na wenzako wa zamani wa phonie, mmoja mmoja, uliwasumbua mpaka wakapata telefone nao. Kazi ilikuwa ileile, watu walewale, saa ileile. Hili nililikosa mimi, msomaji wa vitabu.

Telefone yako ilikuwa imekwisha moto tangu siku uliyofariki. Mauwa alikuwa ndiyo kwanza ameirudisha kutoka kuichaji kwa jirani, akaiweka juu ya benchi, kando yangu, akaingia ndani kuhudumia wageni. Ilipofika saa sita, telefone ikalia.

Ikalia tena. Bamama juu ya lori wakaanza kupiga kelele: "Papa Etungano! Weye njo uko karibu! Kamata!" Nikatazama huku na huku. Kiapo changu kilikuwa bado ukutani. "Kamata iyo kitu, haiumake!" Nikaishika. Nikabonyeza. Ikanyamaza. Nilikuwa nimeikata.

Sitakuambia walivyonicheka, kilioni mwako, nawe hujapata hata arobaini. Nadhani ungecheka kuliko wote.

Ikalia mara nyingine, Mauwa akakimbia akanionyesha kwa kidole pa kubonyeza. Sauti ya mwanamume: "Baraka, Baraka, hapa Lulimba. À vous." Kwenye telefone, Mama! Bado wanasema à vous kwenye telefone, wote, hata wa Swima, na anayesahau hukemewa. Mimi nikasahau. Tukabaki kila mmoja akimngoja mwenzake, mpaka bamama wakaimba kwa pamoja: "Sema à vous!"

Alikuwa Sangya, mwenzako wa Lulimba. Hakuijua sauti yangu. "Weye ni nani? Mama Nyota iko wapi?" Ikabidi nimwambie. Nilimwambia vibaya, nadhani. Nilisema tu: amelala Mama, juzi. Nikasikia upepo ukivuma kwake. Baadaye nilijua kwamba hupanda kichuguu ili apate rezo, ule mtandao wa telefone. Kisha akafanya kama ulivyomfundisha, kwa maana sauti ngeni inaweza kuwa ya mwenye bunduki. Akauliza: "Kama uko kwake kweli, sema, alikuwa anakunywa chai na nini?"

Nikageuka kwa watu. Kilio kizima, na lori zima, wakajibu: "Na chumvi!"

"Bien reçu," akasema Sangya, yaani imepokelewa vema, na nikasikia kwamba analia na anacheka. Ndipo akaisema barabara. Mtu wa pikipiki amerudi kwa miguu asubuhi ile, bila pikipiki, bila viatu, anamshukuru Mungu. Wenye bunduki wako wengi, wamejificha njiani. Gari isitoke. Nikasimama juu ya benchi lako, nikarudia kila neno kwa ile sauti ambayo nimeipoteza miaka yote katika mabishano. Nilipomaliza, hakuna aliyebishana nami. Bamama walisema "bien reçu" na wakashuka.

Wakangoja siku nne. Siku ya tano Sangya akasema iko wazi, na Misisi ikasema hivyohivyo. Wakaenda. Jana wakarudi wakiimba.

Kwa hiyo nimeshindwa, Mama, na naandika hili kwa mkono wangu. Lakini nimeshindwa nusu! Usianze kushangilia huko. Wako wanaopita hapa siku hizi na fulana safi za mashirika, wanatuambia telefone imetuletea mawasiliano. Nawagombeza kila siku. Telefone ilitukuta tunawasiliana. Ungeiacha peke yake ingenong'ona kama nilivyosema. Wewe ndiye uliyeilazimisha iseme kwa sauti, na hilo ndilo karatasi yangu mpya inalosema. Niliibandika asubuhi juu ya ile ya zamani. Mauwa ameisoma. Anasema ni ndefu mno, lakini safari hii niliuliza kwanza.

Saa sita sasa ni yetu wawili, mimi na yeye. Yeye anashika telefone, mimi napaza sauti. Swima nao wameanza kutuambia samaki wametokea pwani ipi ya ziwa, ili bamama wasibebe vikapu vitupu mwendo mrefu. Mimi hukosea vitufe. Yeye ana mdomo kama wako.

Kuna jambo moja zaidi. Sangya aliniuliza jana, kwa aibu kidogo, kama ulikuwa mrefu au mfupi. Miaka yote ile, vita kwa vita, mlilinda barabara moja na hamkuonana hata siku moja! Basi Mauwa amenipa picha yako, ile ya harusi ya mdogo wako, ambayo umevaa kitenge cha kijani na unacheka macho yamefumba. Kesho lori linatoka tena kupitia Lulimba, nami nitakuwa juu ya magunia, mimi ambaye tangu vita vianze sijathubutu kupita mji wa Fizi. Saa sita Mauwa ataiuliza barabara kwa ajili yangu.

Pumzika, Mama Nyota. Nakuahidi, nitaiweka picha mkononi mwa Sangya mwenyewe, na sitasema neno mpaka amalize kukutazama.

Wako mbishi,
Etungano