Kibali cha Shemeji Yako

Nyumba ileile, ghorofa ya pili
Tarehe 5 Juni

Mpendwa Kitindamimba,

Naomba barua hii ikufikie kabla ya siku ya kupasuliwa jicho lako, ikukute bado unaweza kuisoma mwenyewe. Hujambo lakini? Usingizi unakuja? Na lile la kushoto lisiloona tangu utotoni, usilitukane sana, nalo limevumilia. Mimi ni mzima. Magoti hulalamika nikipanda ngazi, ila yanapanda.

Nyumba imekuwa kubwa tangu shemeji yako atutoke. Miezi saba sasa, na bado nateremsha vikombe viwili kabatini, halafu narudisha kimoja. Silii. Ni mkono tu uliozoea.

Sasa safari. Nilikuahidi kwamba tarehe 24 nitakuwa mlangoni kwako, ili tarehe 26 ukitoka hospitali jicho zima likiwa limefungwa, awepo wa kukushika mkono. Ahadi hiyo ndiyo inayoninyima raha, na nitakueleza kisa chote bila kukuficha.

Unajua sisi huko kwenu tulikuwa tunaingia na pasipoti tu, tunakaa hata siku tisini. Viza bado hatudaiwi. Ila mwaka huu wameweka kibali: kila mgeni, hata mtoto wa kunyonya, huombewa chake kwa simu kabla ya kupanda ndege, na kibali hicho huunganishwa na pasipoti yake. Asiye nacho anaachwa uwanjani na begi lake. Wengi, wanasema, hujibiwa kwa dakika chache.

Jumamosi asubuhi nikachukua simu ya shemeji yako, ndiyo ninayoitumia siku hizi, nikakaa kwenye kiti chake cha dirishani penye mwanga. Kulikuwa na baridi, nikavaa sweta lake. Pasipoti zetu unazikumbuka: alizifunga pamoja kwa mpira mmoja, yake juu, yangu chini. Alikuwa akisema, "Mimi natangulia, nikuulizie njia." Yake nilitakiwa kuirudisha ofisi ya uhamiaji tangu msiba. Nimekuwa nikisema kesho, kesho.

Nikaipiga picha iliyokuwa juu. Nakiri sikuwa na miwani. Maandishi yakajijaza yenyewe, nami nikawa nabonyeza endelea, endelea, kama mtu anayefukuza kuku. Mwisho simu ikataka kuuona uso wangu. Nikaitazama. Duara likageuka kijani, ikaandika kwa herufi kubwa kwamba uso umelingana. Chai ilikuwa haijapoa jibu lilipoingia. Ndipo nikatafuta miwani.

Kibali kimetoka, cha miaka mitatu. Kwa jina la shemeji yako.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakisema tumekaa pamoja hadi tumefanana, naye anajibu, "Basi hapa kuna mmoja kapunjwa." Nilikaa na simu mapajani nikiyawaza hayo hadi jua likahama dirishani.

Siku mbili sikumwambia mtu. Jumanne nikaenda kwa yule dada wa fotokopi hapo chini, anayewajazia watu fomu. Akaangalia, akatabasamu.

"Mama, mbona tayari? Mzee kakubaliwa."

"Mzee yuko makaburini, mwanangu."

Aliiweka simu mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye gauni.

Tukaanza upya, safari hii na pasipoti yangu mwenyewe, na miwani. Uso ukakataa. Mara ya pili ukakataa.

"Mama, usicheke."

"Sicheki, meno yangu ndiyo yalivyo."

Akanigeuza, akanipangusa jasho, akanisogeza ukutani. Mara ya tatu ikaandika tena kwamba uso haulingani. Yule dada akaitazama picha ya pasipoti, akanitazama mimi, kisha akaitazama tena picha. Mwisho ombi likapokelewa, na maelezo kwamba litaangaliwa na afisa, na huenda likachukua siku thelathini. Siku thelathini, Kitinda, zinanipeleka Julai.

Jana nikapiga simu ofisini kwa hao wanaotoa vibali. Akapokea kijana mpole.

"Cha mwenzio huwezi kukitumia, mama. Kila pasipoti na mwenyewe."

"Najua. Mwenyewe ni marehemu. Nataka mkifute."

"Marehemu alifariki kabla ya kuomba, au baada?"

"Kabla."

Nilimsikia akibonyeza, akibonyeza. "Hapa naona yuko sawa tu," akasema. "Mwenye maswali ni wewe."

Hakuwa na ubaya. Alisoma alichokiona. Akaniambia niirudishe ile pasipoti, na kibali chake kitakufa nayo. Nikamwambia nitaipeleka.

Leo asubuhi nilikuwa navaa viatu niipeleke. Unajua shemeji yako alivyokuwa na safari: begi tayari siku mbili kabla, naye amekaa na viatu miguuni kama ndege inampitia nyumbani. Vile viatu vyake vya kahawia nilivipandisha juu ya kabati tangu msiba. Leo nimevikuta mlangoni, ncha zinatazama nje. Huenda niliviteremsha mwenyewe. Mkono huu siku hizi una mambo yake. Lakini sikumbuki, na kiti cha kupandia kiko mahali pake, kina vumbi.

Basi sikwenda. Nimeirudisha pasipoti yake kwenye mpira, juu ya yangu.

Sasa nisikilize. Upasuaji usiuahirishe kwa ajili yangu. Mwombe jirani yako mwenye paka akuchukue hospitali, akulaze. Kibali changu kikitoka, hata siku hiyohiyo, nitapanda ndege, na utanijua kwa sauti.

Na kama sikutokea, ukawa umelala na kitambaa machoni, ukasikia mlango unagongwa mara mbili, kimya, kisha mara moja, wewe unajua ni ugongaji wa nani. Usipige kelele. Hajawahi kukudhuru. Mfungulie, mpe maji yasiyo ya baridi, kwa sababu ya lile jino. Akikushika mkono kukutoa kitandani, mwache akushike. Akiniuliza, mwambie mimi bado sijakubaliwa, asiwe na haraka.

Shangazi anakusalimu, anasema ule matunda. Fundi saa wa chini anakusalimu pia, na dada wa fotokopi, ingawa hamjuani. Nisalimie shemeji yangu mpishi na mapacha wenu huko mbali waliko kazini.

Mungu alilinde jicho lako, na mikono itakayoligusa.

Ndimi dada yako, ninayekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni. Ukilifungua jicho, ukaona kumekucha, nikumbuke.