Darasa Zima Lilijibu 7158

Mama Viola, nakusalimu kutoka Ndalu na naomba unisaidie kabla sijampoteza mchumba, mimi ni mwalimu wa hesabu wa gredi ya sita na hapa watu huniita Mwalimu Chapchap kwa sababu wanafunzi wangu huzidisha kichwani, kwa mfano 23 mara 11 unajumlisha 2 na 3 unapata 5, unaiweka katikati, 253, kwisha, sasa tulifanya mtihani wa pamoja na shule za eneo jirani la Kwanza na karatasi zetu zikasahihishwa na mchumba wangu Mwihaki, mwalimu wa huko, na pale kwa 78 mara 11 darasa langu lote likaandika 7158, naye bila hata kunipigia simu akaandika kwa kalamu nyekundu ati wamenakiliana. Mwalimu mkuu ameita wazazi Ijumaa na huenda alama za darasa zima zikafutwa, na Nasike, msichana wangu hodari kabisa, alipoulizwa amenakili kwa nani aliniangalia tu. Najua walifuata njia yangu, 7 na 8 ni 15, wakaiweka 15 katikati, labda sikuwafundisha kubeba, lakini nikisema hivyo jina langu litabaki wapi, na mahari tunapeleka mwezi ujao. Nimwambie nini Mwihaki afute hilo neno, na je, mwanamke wa kuniaibisha hivi anafaa kuolewa?

Khisa, Ndalu.

Khisa, pole, na pole yangu inaishia hapo. Watoto wameitwa wezi, nawe unaniuliza habari za mahari. 78 mara 10 tu ni 780, sasa hiyo 78 moja iliyobaki ilifikaje elfu saba? Katika ile 15, 5 inabaki katikati, 1 inaenda kujumlishwa na 7, unapata 858. Nimeeleza kwa sentensi moja, na wewe ulikuwa na muhula mzima.

Mwihaki hajakuaibisha. Aliona jibu moja la ajabu kwa kila karatasi, akafikiria vile mwalimu yeyote angefikiria. Mpigie leo umwambie ukweli wote, kisha uende kwa mwalimu mkuu, na Ijumaa usimame mbele ya wazazi ufanye hesabu hiyo ubaoni kwa njia ndefu, ukibeba kila kinachobebwa. Mwihaki akikuacha kwa sababu ya hilo, nitakuja Ndalu mwenyewe kukufariji, lakini sidhani nitahitaji nauli.

Na huyo Nasike umempitia haraka sana. Angeweza kukutaja mbele ya mwalimu mkuu, na hakukutaja. Alikuangalia kwa sababu alikuwa anangoja useme wewe.