Ulinizika Kabla Sijakuzika

Papa Riziki,

Nakuandikia mimi, marehemu mke wako. Usishtuke. Tangu radi ikuue pale juu ya kilima tunachopanda kutafuta rezo ya simu, nimejua kwamba katika nyumba yetu mimi ndiye niliyetangulia kufa, na kwamba ulinililia vizuri kuliko nilivyokulilia mimi.

Nianze na habari za nyumbani. Maharagwe tumevuna, machache, kwa sababu palizi uliniachia peke yangu. Paa bado linavuja juu ya kitanda, upande wako. Zamani nilikuwa naweka sufuria, sasa siweki, naacha maji yaingie. Simu yako haikupata hata mkwaruzo. Walikuokota umeungua, na yenyewe ilikuwa mfukoni ndani ya kifuko cha plastiki, inawaka kama kawaida. Ulijua kutunza vitu, ukipenda.

Nilijua una kijiji chako ndani ya hiyo simu, na nyumba, na majirani wa Goma na wa Kisangani ambao hujawahi kuwaona uso kwa uso. Ulinionyesha siku moja. "Mama Riziki, angalia, mahindi yangu ishakomaa." Mimi nilikuwa na jembe mkononi, natoka kwenye mahindi yetu ambayo yalikuwa bado na urefu wa goti. Wanawake wa hapa Kibua walinitania kisimani kwamba bwana yangu ni chefu, ila ufalme wake unaisha chaji. Nilicheka nao. Nilisema heri simu kuliko pombe ya kasiksi, mwanamume asiyekunywa aachiwe mchezo wake.

Basi ukafa, nikakaa kwenye mkeka. Ndugu zako walijaa uani, wakala ndizi zangu zote. Kaka yako Mirindi alikaa mbele yangu tangu siku ya kwanza, simu yako mkononi, akinitazama anavyotazama shamba. Unajua kwenu: siku ya kuondoa matanga mjane anapewa ndugu wa marehemu. Unamjua Mirindi pia. Unajua kwa nini mke wake hushusha kitambaa mpaka kwenye macho hata jua likiwa kali. Nilikuwa sikulilii wewe pale mkekani, Papa Riziki. Nilikuwa najililia mimi.

Ndipo akafika Esperance.

Alitoka Hombo kwa pikipiki, akazunguka kupitia Walikale, matope mpaka kiunoni. Alikuwa amepiga namba yako baada ya kuona hujibu tena kijijini mwenu mle ndani ya simu, Mirindi akapokea, akamwambia kaka alishakufa, matanga iko Kibua. Msichana mpole, mweusi, amevaa kitenge cha msiba kilichopigwa pasi kabla ya safari, maskini. Alipiga magoti mbele ya mama yako, akatoa mkono wa pole. Kisha akatoa mishumaa kwenye mfuko, akaomba aonyeshwe kaburi la Zawadi kwanza, halafu ndiyo aende kwa lako.

Hata waliokuwa wanakula walisimamisha mikono.

Mama yako alininyooshea kidole. "Zawadi njo huyu."

"Zawadi alishakufa," Esperance akasema. Akaniangalia kichwa changu kilichonyolewa, akaangalia mkeka, na nikaona anahesabu moyoni mwake mambo yasiyohesabika. Kisha akakaa chini palepale penye matope. Nilimletea maji mimi mwenyewe. Nani mwingine angeleta? Maiti ndiye alikuwa mwenyeji.

Alikuwa na picha kwenye simu yake, akanionyesha. Niliiona nyumba yako ya mabati, na veranda, na ng'ombe. Nikaona nyuma ya nyumba kaburi lenye maua, na kijana mdogo wa kuchorwa mwenye kofia yako nyekundu amepiga magoti, ndiye wewe wa kule. Kwenye msalaba uliandika jina langu, na chini yake: mke mwema, sitapata mwingine. Esperance aliniambia kwamba wanakijiji wote walikuja kukaa matanga huko, juma zima, na watu wa Bukavu walikutumia maneno ya faraja, na yeye ndiye aliyepanda yale maua. Alisema kwenye simu ulikuwa unashindwa kuongea kwa kulia. Hapo ndipo alipoanza kukupenda, kwa sababu hajawahi kumsikia mwanamume akimlilia mke namna ile.

Nami pia sijawahi kusikia.

Nilimuuliza Zawadi alikufa na nini. Akasema alikufa akizaa, yeye na mtoto.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mtoto alikufa kweli. Ulikuwepo. Nilirudi kutoka kituo cha afya na mikono mitupu, nguo zake mpya zikiwa bado zimekunjwa, na wewe ulichukua simu ukapanda kilimani. Nilijikanda tumbo kwa maji ya moto peke yangu, nikasikia watu wakipita njiani wakiongea habari za bei ya mihogo. Nikasema moyoni, huyu mtu ana moyo wa mawe, mtoto wake amekufa anakwenda kucheza. Kumbe ulikwenda kulia. Ulikwenda kuwalilia watu wawili, na mmoja wao alikuwa nyumbani anakuchemshia viazi.

Nilikuchukia siku hiyo ya Esperance kuliko siku zote. Kama ungenifanyia uzinzi ningejua la kufanya, wanawake wa kwetu wanajua. Lakini ulichukua machozi yangu ukawapelekea watu wa Kisangani.

Siku ya kuondoa matanga ilipofika, Mirindi alivaa koti. Alisimama mbele ya ukoo akasema, "Zawadi iko bibi wa hii nyumba. Atabakia mu hii nyumba." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilitafuta pa kushika, nikashika mguu wa mtoto wetu Riziki.

Aliyenyanyua sauti ni shangazi yako, yule ambaye hakunipenda tangu siku uliyonileta. Alimwita Esperance katikati, maana alikuwa bado hajaondoka, alikuwa anaosha vyombo vya msiba pamoja nami. Akamwambia atoe picha. Simu ikazunguka mkono kwa mkono, wazee wakaisogeza karibu na macho, wengine wakaigeuza juu chini. Mirindi akacheka, akasema ile ni mchezo tu ya simu, haina maana.

Shangazi akamgeukia Esperance. "Weye, ile siku ulilia machozi ya simu?"

"Hapana, Mama. Nililia ya kweli. Na nilifunga kula."

"Na Bauma, bwana ya huyu, alilia?"

"Alilia mupaka sauti ikakatika."

Shangazi akafunga kitenge chake upya, polepole, wote wakingoja. Wanajua kama ninavyojua mimi: kwenu mtu hathubutu kumkalia matanga aliye hai. Ukimlilia mzima umemkata, kama vile umemrudisha kwao na mbuzi wa talaka. Ndiyo maana habari ya kifo huulizwa mara mbili kabla ya mtu kupiga kelele. Wewe hukuuliza. Ulidhani radi ya desturi haifiki ndani ya simu.

"Muntu mwenye analilia bibi yake muzima, alishamukata," akasema shangazi. "Huyu haiko mujane wa Bauma. Mirindi, unataka kurithi maiti?"

Mirindi akakaa na koti lake. Sijui kama shangazi aliniokoa au alifurahi tu kupata njia ya kunifukuza. Sikuuliza. Walisema Riziki bado mdogo, aende na mama yake. Nilimshukuru kwa kupiga magoti, naye aliangalia pembeni.

Kwa hiyo asante, Papa Riziki. Uongo wako umenifaa kuliko ndoa yako.

Esperance aliomba simu yako kabla ya kurudi Hombo, akufungie nyumba kule. Nilimnyang'anya Mirindi, tukapanda kilimani sisi wawili, mchana wa jua, mpaka kwenye zile nyasi zilizoungua. Alibonyeza, kijiji kikafunguka. Nikakuona. Ulikuwa umesimama kando ya kaburi langu na kofia yako, mikono chini, hutikisiki, kwa sababu hakuna wa kukutikisa. Mahindi yako yalikuwa yamekomaa tena. Esperance alilia. Akataka akuchimbie kaburi kando yangu, mpumzike pamoja, ajue imekwisha.

Nikamwambia hapana, aache. Uliandika kwamba hutapata mwingine, basi simama hapo. Wewe si ulipenda kukaa kule? Nilizima simu, nikamwambia sitaiwasha tena, na tukashuka tumeshikana mikono kwa sababu njia inateleza. Huyo msichana anaomboleza kweli. Nimemwambia atafute mwanamume mwenye harufu.

Kesho narudi kwa baba yangu Buleusa. Nimefunga vyombo, nimeacha sufuria ile. Sitakuja kuweka maua kwenye kaburi lako, hilo nakuahidi, yale niliyopandiwa kule yanatosha watu wawili. Na Riziki akikua nitamwambia baba yake alijua kulia. Nitamwambia hivyo tu. Mengine hayamhusu.

Kwaheri. Siku ukichoka kusimama pale, fikiria jambo moja. Siku ile nilikuwa hai, Papa Riziki. Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Ungeniita tu, tungelia wote.

Zawadi