Kiatu Namba Nne

Matisi, Kitale
Juni 1993

Baba Simiyu,

Huku tuko wazima. Mahindi ya shamba letu la Kwanza yamefika magotini, na Simiyu ameng'oka jino.

Lile duka la viatu la Bungoma nimelipenda, bana. Ati mteja akiwaachia jina, siku ya kuzaliwa na saizi, siku ikifika wanamtumia zawadi. Kwa sanduku letu la posta, lile uliloandikisha hapo dukani kwa kuwa huna lingine, kumefika jozi mpya na kadi: “Heri ya kuzaliwa, Lenah. Namba nne, nyekundu unayoipenda.”

Mimi nina mguu namba saba. Miaka yote unaniletea viatu vya kunibana, ati saizi umesahau. Ya Lenah umeikumbuka mpaka na rangi!

Nilikuja Bungoma Jumanne, nikapita mlango wa ofisi yako bila kubisha. Mwenye duka alinibadilishia viatu bila maneno, kisha akaniuliza jina langu, saizi yangu, na siku niliyozaliwa.

Wewe hujawahi kuniuliza.

Leo nimevivaa kanisani. Havinibani popote.

Ni mimi,
Jepkosgei, namba saba